Soksi ya Papa Infirmier

Papa Infirmier alikuwaka anasalimia miguu kwanza. Ukiingia mu parcelle yake, kiwanja ya nyumba, macho yake inashuka moja kwa moja, inapita kwenye goti, inateremuka kwenye ugoko, inazunguka kisigino, inahesabu vidole, kisha inapanda polepole mpaka kwenye uso. Pale njo anauliza: "Na weye mwenyewe, iko bien?" Sawa vile muguu na mwenye muguu ni batu mbili, na muguu njo mukubwa mu nyumba.

Alikuwa muuguzi, jirani yangu kule Mangobo, mu Kisangani, kwa miaka kumi na moya. Jina iko nayo, jina muzuri hata, lakini tuiache ikae kwanza. Batu ya avenue yetu balikuwa banamuita Docta ya Miguu. Hakupenda. "Docta anaandika, infirmier anaosha," alisema. "Miye naosha." Retraite, kustaafu, ilimukuta angali na nguvu mu mikono, donc akafungua kazi kwenye baraza ya nyumba yake: banc moya ya kuketi, mabeseni mbili, bande ya kufunga kidonda, coton, ile pamba, na maji ya moto yenye chumvi. Miguu tu. Ukimuletea tumbo, anakufukuza. "Tumbo iko kwa jirani," anasema, na jirani ni miye, juu ya vile nakula mingi.

Miye nilikuwa motard, mwenye kubeba batu kwa moto, ile pikipiki. Masomo niliachia mu ya pili secondaire, siku prof alivumbua kama mu interro, mutihani ya biologie, nilicopier kwa mwenzangu mpaka jina yake. Karatasi mbili, jina moya. Mwenzangu alipata points, miye nilipata mulango. Sasa fikiria: mutu sawa miye, karibu kila asubuhi nambeba Papa Infirmier kwa moto, nampeleka kwa wagonjwa benye hawawezi kutembea, nashika beseni, nashika bande, na yeye mbele ya batu ananiita "Collègue". Collègue! Nilikuwa narudi nyumbani kifua inje, bibi yangu ananiuliza: "Na leo umeoperer nani?"

Kwenye baraza yake kulikuwa sheria moya. Mutu yeyote anaingia, anapandisha pantalon mpaka kwenye goti. Yeyote. Hata kama umekuja kwa kumusalimia tu, ao kuomba moto ya kuwasha makala ya jiko. Na baraza ilikuwa inaangalia barabara, donc avenue muzima inaona. Siku moya commerçant moya mukubwa, mwenye maduka, alikuja na kidonda mu vidole, akasema: "Papa, tuingie ndani kidogo, batu banapita."

"Ndani mule ni ya kulala," Papa Infirmier akajibu. "Kidonda inapenda giza sawa mende. Pandisha."

"Lakini Papa, batu banaangalia."

"Baangalie! Hata kidonda yenyewe inakuangalia tangu wiki tatu."

Pastor alipandisha. Police alipandisha, na bunduki kwenye magoti. Miye nilikuwa napandisha bila kuambiwa, juu niko na mollet muzuri, ile nyama ya nyuma ya ugoko, pardon, nilikuwa nayo.

Hakuomba mutu franka. Aliomba sabuni. Mugonjwa anakuja na kipande ya sabuni, wanaosha nayo ile siku, na yenye inabaki inakaa pale kwa mwenye hana. Vipande vilipangwa kwenye dirisha, nyeupe, bleu, ya mawese, na nyumba yake ilikuwa inanuka usafi tangu kwenye kona ya avenue. "Dawa ya kwanza ni sabuni," alisemaka. "Ya pili ni sabuni. Ya tatu mutanitafuta."

Kwa sababu adui yake mukubwa haikuwa microbe, ilikuwa akili yetu. Unajua vile tunafanya hapa Kisangani: mutu akiumia muguu, anafungua gélule, ile ya rangi mbili, anamwaga poudre mu kidonda, inakauka juu sawa ciment, chini inaoza kimyakimya. Siku moya ikakuja mama moya muuza pondu, majani ya muhogo, na kidonda pembeni ya kifundo, ya miezi mingi. Alikuwa ameweka gélule. Kisha dentifrice, dawa ya meno. Kisha ile poudre nyeusi ya ndani ya pile, betri. Papa Infirmier akaangalia, akaangalia tena, akainama karibu sana.

"Mama," akasema, "hii ni kidonda ao ni radio?"

"Papa, inaniuma, usinicheke."

"Sicheke. Natafuta bouton ya kuzima."

Lakini mikono yake ilikuwa inafanya kazi ingine na ile ya kinywa. Kinywa inatukana, mikono inaosha polepole sawa anaosha mutoto wa siku moya. Akamwonyesha ile mishipa ya kuvimba, varices, ilikuwa inajipinda kwenye mollet sawa mizizi. "Damu kushuka inajua yenyewe. Kupanda njo shida. Weye unasimama ku wenze, kule soko, tangu asubuhi sawa poteau, sawa nguzo, damu inachoka kupanda, inakaa chini, ngozi inakosa chakula, inapasuka." Akamufunga bande tangu vidole mpaka chini ya goti, nguvu chini, polepole yulu. "Sasa ukiketi, weka muguu yulu ya kiti."

"Na pondu nani atauzisha, Papa, na miye miguu hewani?"

"Weka pondu kwenye tumbo. Client atakuja hata kuangalia."

Ile kidonda ilipona. Ilikamata musimu ya mvua muzima, lakini ilipona, na niliona na macho yangu.

Ngozi alinifundisha na pneu, tairi. Nilikuwa nabadilisha chambre à air ya moto yangu kwa mulango wake, na yeye akakuja kusimama yulu yangu. "Collègue, unajua uko na ngozi étage tatu, ghorofa tatu?" Nikasema miye hata nyumba ya étage moya sina. Akakamata ile pneu. "Hii gomme ya inje, mupira, ni épiderme. Inalika na barabara, inarudi, inalika, inarudi. Haina damu. Hizi kamba za ndani ni derme: mule njo kunapita mishipa, mule njo nywele inapandwa, mule njo jasho inatoka, na mule kuna nyuzi ya courant, ya umeme, yenye inaambia kichwa: hapa moto, hapa baridi, hapa musumari. Chini kabisa kuna mafuta, hypoderme. Ile ni suspension yako, ya kupunguza kishindo." Akapiga mollet yangu na kofi. "Gomme ikikwisha, tunarudisha. Kamba ikikatika, tunashona. Lakini courant ikikatika, Collègue, mutu anakanyaga musumari na anaendelea kuimba."

Alikuwa nayo hata mu picha. Drap moya nyeupe, shuka, kwenye ukuta wa baraza, ngozi yenye kukatwa sawa keki, yenye kupakwa rangi na fundi wa kuandika mabar. Ule fundi alijua kuchora chupa tu. Tezi ya jasho ilifanana na chupa ya bière, nywele ilifanana na mti ya mawese. Wageni balikuwa banauliza: "Ile ni bar gani?" Chini ya picha, majina ya magonjwa ya muguu, moja moja: gale, mycose, eczéma, varices, érysipèle, funza. Yote alikuwa nayo mzaha yake. Mycose, ile kuvu ya katikati ya vidole, aliita "locataire ya botte", mupangaji wa ndani ya buti. Gale, upele ya kuwasha, aliita "guitare", juu familia muzima inapiga.

Siku moya nikamuuliza: "Papa, na maba? Mbona haiko kwenye liste?" Maba njo jina tunaita ukoma hapa.

Mikono yake ilisimama mu maji. "Ile ilikwisha," akasema. "Ile ni ya zamani." Akamwaga beseni, na maji haikuwa hata imechafuka. "Enda nyumbani, Collègue." Nikaenda. Nilijisemea mzaha yangu ilikuwa mubaya. Mizaha mubaya nimefanya mingi kupita meno niko nayo, donc sikutafuta mbali.

Sasa soksi. Yeye, mwenye kupandisha pantalon ya avenue muzima, yake hakupandisha hata siku moya. Na ndani ya pantalon, soksi ya football, nzito, ya kufika kwenye goti, saa sita ya mchana, jua ya kuua mbuzi. Batu banatoka jasho na singlet, yeye iko na soksi. Nikamuuliza: "Papa, match inaanza saa ngapi?" Batu kwenye banc bakacheka mpaka bakashika mbavu.

"Munganga anavaa bien juu ya kuheshimu wagonjwa," akajibu, na yeye akacheka kidogo.

Siku moya tulienda na batoto ku chutes, maporomoko ya Tshopo. Kila mutu aliingia mu maji, hata bibi yangu mwenye anaogopa maji ya beseni. Papa Infirmier aliketi yulu ya jiwe na viatu yake, anatuangalia miguu. Nilimupenda ile siku. Niliona muzee anakaa muzee, basi. "Muguu haijue bongo, haijue uongo," alikuwa anapenda kusema. "Uso inacheka, mukono inasalimia, lakini muguu inasema ukweli." Nilikuwa narudilia ile maneno kwa clients yangu kwenye moto, sawa vile ni miye niliivumbua.

Halafu tache, doa, ikaanza. Kwenye muguu ya kuume, inje ya mollet, karibu na goti. Kidogo, sawa thé ya maziwa ilimwagika pale. Haikuuma, haikuwasha. Nywele ilipungua pale, na nikitoka jasho, kila mahali inang'aa, pale inabaki kavu. Bibi yangu akasema: "Uko na jirani munganga ya miguu, na unajikwaruza peke yako sawa kuku?"

Nikaenda na kipande ya sabuni. Papa Infirmier akaangalia ile tache muda murefu, mpaka nikafanya mzaha, na hakucheka. Akakamata coton, akaizungusha kwenye vidole mpaka ikafanya ncha. "Fumba macho, Collègue. Nikigusa, onyesha na kidole pale nimegusa."

Bon. Miye ni mutu mwenye kucopier mpaka jina. Interro ikiwa mbele yangu, mwili inaanza yenyewe. Nikafumba macho, lakini si bien: niliacha kamlango kadogo chini ya kope. Akigusa, naona. Naonyesha. "Hapa! Hapa! Na hapa!" Kila mara juste. Nikafungua macho nacheka: "Papa, dix sur dix! Ya kwanza mu maisha yangu, andika!"

Akatupa coton. Akaenda kuosha mikono, akarudi na pommade. "Ni mycose tu, Collègue," akasema. "Paka asubuhi na mangaribi."

Nikapaka. Nilipaka misimu mbili ya mvua. Tache ikapanuka, nikapaka mingi zaidi. Papa Infirmier alikuwa anaketi nyuma yangu kwenye moto kila asubuhi, na kila asubuhi nilikuwa namuuliza: "Papa, inaenda?" Anasema: "Inaenda."

Ile siku yenye ilibadilisha maisha yangu nilikuwa nabeba mama moya na régimes mbili ya makemba, mikungu ya ndizi. Tulikuwa tunapanda polepole, barabara mubaya, matope. Nikasikia harufu. Harufu tamu. Nikasema kwa sauti: "Eh, nani anachoma nyama asubuhi hii? Tutasimama tuombe kipande!"

Mama akacheka. Akanusa. Kisha akalia: "Papa! Papa, simamisha! Ni muguu yako!"

Mollet yangu ilikuwa imelala kwenye tuyau d'échappement, bomba ya moshi ya moto. Sijui tangu wapi. Pantalon ilitoboka, ngozi ilishikana na chuma, na miye nilikuwa naimba. Mama alishuka, aliweka makemba yake mu matope, akashika kichwa. "Lakini hausikie? Papa, hausikie?" Nikamwambia: "Mama, hata miye naiuliza." Mzaha ilitoka yenyewe.

Ku hôpital, docteur mwanamuke moya, angali kijana, aliona ile kuungua, kisha akaona tache, akasahau kuungua. Akakamata coton. Nilijua ile mchezo. Akanitazama usoni, akakamata casque yangu ya moto, akanivalisha kinyumenyume. Giza kabisa.

"Nikigusa, onyesha," akasema.

Nikangojea. Nikangojea sana. Nikasema: "Docteur, anza."

"Nilimaliza," akasema.

Ilikuwa maba. Akanifasiria bien, bila kushusha sauti: ni microbe, inakula nyuzi ya courant polepole, dawa iko, ya bure, vidonge mu plaquette ya kila mwezi, na mutu akianza kuimeza haambukize tena. Nilimeza mwaka muzima. Microbe ikakufa. Lakini courant haikurudi. Chini ya muguu ya kuume ni ukuta. Vidole mbili vilienda na kidonda yenye sikusikia. Na frein ya moto, breki, unajua, iko kwa muguu ya kuume. Nilijaribu mara moya, nikaingia mu mulango ya boutique ya mutu. Donc niliuzisha moto. Leo natengeneza pneu chini ya bâche, turubai, naketi, na kila mangaribi naangalia muguu yangu na kioo sawa demoiselle, binti wa kujipamba.

"Ungekuja mbele, mapema," docteur akaniambia, "hii muguu ingebaki na sisi."

Na miye nilijua sababu. Ni ile kamlango chini ya kope. Nilidanganya muzee wa batu na mzaha yangu, alipima bien, miye nikacopier. Docteur akiuliza: "Hakuna mutu aliona ile tache?" nasema: "Aliona, lakini ni miye nilimudanganya." Équipe ya hôpital ikakuja kuangalia batu ya karibu yangu, bibi, batoto, na jirani pia, juu nilimutaja. Bibi na batoto hawakuwa na kitu, balimeza dawa ya kuzuia. Mulango ya Papa Infirmier ilikuwa na kufuli. Banasema alivuka mto, alienda Lubunga kwa dada yake, ile asubuhi yenyewe. Hakurudi. Drap yake ilibaki kwenye ukuta, nikaikamata juu mvua isiiharibu.

Batu balisema alikimbia haya. Nilimutetea. Ku matanga, ku bar, chini ya bâche: "Musimuseme Papa. Ni miye nilimuaibisha muzee." Na kila mara nafanya mzaha ya interro, batu banacheka, na miye nacheka kupita wote. Miaka ine nilifanya vile. Kwenda kumuona, sikuwa na uso.

Kisha motard moya, rafiki yangu wa zamani, akaniambia: "Docta ya Miguu nilimuona kule ngambo. Anatembea na fimbo. Iko anaharibika." Kesho yake nikanunua sabuni, nikapanda pirogue, mutumbwi.

Nikamukuta nyuma ya nyumba ya dada yake, kwenye kiti ya plastiki. Pantalon ilikuwa imepandishwa. Soksi haiko. Nilisalimia miguu kwanza. Si kisirani, ni yeye alinifundisha. Ugoko ilikuwa kavu, yenye kung'aa, tache juu ya tache, za zamani sana. Vidole vya kushoto vilikuwa vifupi. Muguu ya kuume ilifungwa na kitambaa, na kitambaa ilinuka. Miaka yote ile, chini ya soksi ya football. Nikapanda polepole mpaka kwenye uso.

"Na weye mwenyewe, Papa, iko bien?"

"Collègue," akasema. "Umekuja na nini?"

"Sabuni."

Akacheka, akakohoa. Nikaketi chini. Nilikuwa nimepanga maneno tangu katikati ya mto, na hata vile niliona ile miguu, maneno ilitoka vile niliipanga, sawa gari bila frein: "Papa, nimekuja kuomba pardon. Ile siku ya coton sikufumba macho bien. Nilichungulia."

"Najua," akasema.

"Unajua namna gani?"

"Kope yako ilikuwa inacheza sawa bawa ya kuku." Alikuwa anageuza sabuni mu mikono. "Mara ya tano sikukugusa. Nilipeleka mukono tu, coton haikufika. Na weye ukaonyesha. 'Hapa!' Ukacheka."

Kuku ilipita. Nakumbuka ile kuku. Ilipita, ikarudi.

"Donc ulijua."

"Nilijua mbele ya kukamata coton."

"Na pommade?"

Akageuza sabuni tena. Nikamuuliza: "Juu ya nini, Papa?"

"Batu ya hôpital bangekuja," akasema. "Bangekuja na karatasi yao, nani anakaa karibu, nani anakula na yeye. Bangeniambia: Papa, pandisha pantalon. Pale kwenye baraza yangu." Akaangalia mbali. "Weye haujaona vile banafanya. Miye niliona, mu kazi. Banavunja sahani ya mutu angali anakula. Nilijisemea, mwezi moya, ataenda mwenyewe kwa docteur. Kisha nikasema, mvua ikikwisha."

"Nilikuwa nakubeba kila asubuhi. Muguu yangu ilikuwa mbele ya macho yako kila asubuhi."

"Nilikuwa naiangalia," akasema.

Miaka ine nilibeba ile kosa sawa gunia ya makala, nachekesha batu nayo, na mwenyewe wa gunia aliketi hapa ngambo, anajua. Muguu moya, frein, moto, vidole mbili, na hata aibu yangu, vyote nililipia soksi ya mutu mwingine. Nilitaka kusimama niende. Lakini kamtoto kasichana kalikuja na kikombe ya maji, mjukuu ya dada yake, wa miaka munane hivi.

"Koko, kunywa," akaambia muzee. "Tonton, jambo."

Akageuka. Kwenye mollet yake, pommade ilikuwa inang'aa, na chini ya pommade, thé ya maziwa.

"Na hii?" nikauliza.

"Mycose tu," Papa Infirmier akasema, haraka.

Nikavua chapeau yangu, nikaivalisha yule mutoto mpaka kwenye pua. "Mama mudogo, tunacheza. Nikigusa, onyesha." Nikatoa uzi mu kitambaa yangu. Nikagusa mukono yake, akacheka, akaonyesha. Nikagusa goti, akaonyesha. Nikagusa pale.

"Tonton," akasema chini ya chapeau, "anza basi."

Nikamutuma mutoto alete maji ya moto na chumvi. Vile ilifika, nikafungua ile kitambaa ya muzee, nikaosha kidonda yake na sabuni yangu, tangu katikati kuenda inje, polepole, na bande nguvu chini, polepole yulu. Si kumusamehe. Mikono ilianza yenyewe, mikono ilikuwa haijasikia habari. Hakuumia hata kidogo, hakukuwa tena na kitu ya kuumia pale. Alikuwa ananiangalia.

"Unafunga bien," akasema. Kisha: "Utasema?"

Nikakaza fundo ya mwisho.

"Hapana, Papa," nikasema. "Ni mycose tu."

Akanitazama. Alijua. Alinitazama vile miye nilipashwa kumutazama ile siku ya pommade, kama ningefungua macho nione anadanganya. Akashusha pantalon mpaka kwenye viatu, na mikono miwili.

Nikavuka. Ku hôpital mulango ilikuwa ingali wazi, na yule docteur wangu akakamata bic, kalamu. Jina? Nikamupa jina ya Papa, yote, post-nom na yote, na njia ya kufika mpaka nyuma ya nyumba kwenye kiti ya plastiki. Niliitaja mara moya, kwa mutu mwenye alipashwa kuisikia, na ilitosha. Donc hapa musiningojee niitaje. Nikamutajia mutoto, nikamutajia dada, nikahesabu benye banalala mu ile nyumba. Aliandika yote, akageuza karatasi.

"Na weye ni nani kwake?"

Nikafikiri kidogo.

"Collègue," nikasema.